Jina Ndani ya Kipoza

Shangazi Batoul alinituma nanaa. Fungu moja la nanaa na mikate miwili, basi, na alinihimiza nirudi kabla magharibi haijaingia sawasawa kwa sababu supu ilikuwa tayari jikoni. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa pili, mwaka 2003, na mji mkongwe wa Fes ulikuwa na baridi ile ya kuuma masikio. Ningenunua nanaa nikarudi moja kwa moja nyumbani, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nilipitia karakana yangu pale uwanja wa Seffarine, kuhakikisha kwamba nimezima jiko la kulehemu.

Siku nyingine uwanja ule hukupasua kichwa kwa nyundo za wafua shaba. Ijumaa nyundo hulala. Nilisikia hatua zangu mwenyewe, na nilipofika mlangoni nikasikia kitu kingine ndani.

Tone... tone... tone.

Karakana yangu haina bomba la maji.

Kabla sijafungua mlango huo, nieleze nilichokuwa nafanya humo, na kwa nini moyo wangu ulikuwa umejaa sumu. Baba na babu walifua masufuria ya harusi. Mimi nilifua vipoza. Vijana wanaopenda kompyuta huzikimbiza prosesa, ubongo wa kompyuta, kupita mwendo ziliotoka nao kiwandani, na prosesa ikikimbizwa hivyo huchemka mpaka ife. Feni haitoshi. Basi unachukua kipande cha shaba nyekundu, nusu ya kiganja, unakichonga mifereji ndani, unakifunika na kukilehemu, unakibana juu ya prosesa. Maji baridi yanaingia kwa mpira mmoja, yanatoka kwa mwingine yamebeba joto. Pampu ni ile ya tangi la samaki, na rejeta tulikuwa tunaifungua kwenye teksi mbovu.

Rafiki yangu Jalil ndiye aliyeniletea habari hizo. Yeye alijua kompyuta, mimi nilijua shaba. Mifereji ya kipoza chetu cha kwanza niliichora mimi, kwa kufuata mzunguko wa nakshi iliyokuwa kwenye sinia la babu, na nikaichonga kwa tindo wiki tatu mpaka kucha zikageuka nyeusi. Tukaenda nacho Casablanca kwenye mashindano ya kukimbiza prosesa. Jalil akashinda. Watu wakamzunguka, wakapiga picha, wakamuuliza nani fundi aliyechonga kitu kizuri namna ile. Akasema ni yeye. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo mikononi. Mmoja akauliza, na huyu?

"Huyu? Huyu jamaa wa kunibebea maji," Jalil akasema, na watu wakacheka.

Na mimi nikacheka. Kwa hilo nimemchukia yeye, na mimi mwenyewe nimejichukia zaidi.

Mwaka mzima nililala na kicheko kile. Halafu Jalil akaja tena, na boksi la halua, ananikumbatia kana kwamba hakuna kilichotokea. Alitaka kipoza kipya kwa mashindano ya Jumapili. Aliniomba nisigonge chapa yangu juu yake, eti inaharibu sura.

Nikamwambia sawa, ndugu yangu.

Kila ukoo wa wafua shaba una chapa yake. Yetu ni mwezi mwandamo na nukta tatu, na pembeni jina la fundi. Sikuigonga juu. Niliigonga ndani, chini kabisa ya mifereji, mahali ambapo kila tone lingepita juu yake: Abdelhai bin Tahar amekitengeneza. Kisha nikafunika na kulehemu. Mpango wangu ulikuwa huu: Jumapili, Jalil atakapokuwa anapigwa picha, nisimame mbele za watu niseme kifunguliwe.

Lakini haikuwa hiyo tu. Niliongeza jambo la pili, na hili sikumwambia mtu.

Kipoza kikishalehemiwa hubaki na mafuta na tindikali ndani. Lazima kisafishwe kwa maji yanayochemka yaliyotiwa siki, sufuria baada ya sufuria, na maji hayo yanakwenda kwenye karo, shimo la maji machafu. Kwetu hakuna mtu anayemwaga maji ya moto kwenye karo hivihivi. Kwanza unamwaga ya baridi. Unasema bismillahi. Unasubiri kidogo, ili wale wanaokaa chini wawaondoe watoto wao. Shangazi Batoul hufanya hivyo hata kwa maji ya kuchemshia yai moja. Nilipokuwa nikisafisha vipoza mwenyewe, nilifanya hivyo kila mara, na Jalil alikuwa akinicheka. "Kwa nini usiwapigie na honi kabisa?" alikuwa akisema.

Safari hii nilimpa kipoza kichafu. Nikamwambia akisafishe mwenyewe. Nilijua angekwenda kwenye nyumba ya marehemu bibi yake, humu humu mji mkongwe, haina mtu miaka sita, na katikati ya ua wake kuna karo la zamani lisilo na kifuniko. Sikumkumbusha bismillahi. Nilinyamaza makusudi, na nilipomwona anaondoka na masufuria mawili, nilisikia raha.

Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sasa rudi nami mlangoni. Nilifungua. Giza. Jiko lilikuwa limezima, baridi kabisa. Harufu ikanipiga usoni, na niliijua mara moja: kuku aliyetumbukizwa kwenye maji ya moto ili anyonyolewe manyoya.

"Fundi."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Niligeuka. Mwanamke, amejifunika shuka jeupe kama walivyokuwa wakijifunika bibi zetu, jicho moja tu nje. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima, lakini pindo la shuka lake lilikuwa linachuruzika. Mkononi amepakata furushi. Amelipakata kwa namna ambayo kila mtu anaijua.

"Leo Ijumaa, mama," nikasema. "Njoo kesho."

"Kesho mbali," akanong'ona. "Nina swali moja tu."

Akapita. Sikumpisha, lakini alipita. Akatoa kitu kwenye shuka na kukiweka juu ya meza yangu ya kazi.

Kilikuwa kipoza changu.

Kilikuwa kinatoa mvuke. Katika baridi ile, kilikuwa kinatoa mvuke, na maji yalikuwa yanadondoka kwenye midomo yake miwili... tone... tone. Kifuniko kilikuwa kimebanduka. Hakikukatwa kwa msumeno wala kufunguliwa kwa moto. Kulehemu kwangu, ambako nilikuwa nikijisifu nako Seffarine nzima, kulikuwa kumeachia kama gundi ya bahasha. Ndani jina langu lilikuwa linang'aa.

Nikamuuliza amekipata wapi.

"Maji yake yalishuka kwetu," akasema.

Nilijua ninayeongea naye ni nani. Hakuna mtoto wa Fes ambaye hangejua.

"Sikusoma mimi," akaendelea, polepole. "Naona kuna maandishi. Niambie wewe, fundi. Nani amekitengeneza?"

Jibu la kuniokoa lilikuwa tayari mdomoni. Jalil. Jina lenyewe fupi. Alikuwa amejitangaza mwenyewe mbele ya Casablanca nzima, nani angenilaumu? Ningesema Jalil, na kisasi changu kingekwisha jioni ileile bila mimi kunyanyua kidole.

Lakini alikuwa ameniuliza. Mwaka mzima nilikuwa nasubiri mtu mmoja, yeyote, anitazame machoni na kuniuliza swali lile.

"Mimi," nikasema.

Na sikuishia hapo. Nikamwambia nimekichonga peke yangu, na kwamba Jalil hajui hata tindo inashikwa upande gani. Maneno yalinitoka yenyewe, nusu kwa woga, nusu kwa fahari.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole kabisa:

"Kwa mkono upi?"

Mungu anisamehe. Nikamwonyesha wa kulia.

Akaushika. Vidole vyake vilikuwa vya baridi ya kisima. Akalifunua furushi kwenye ncha moja, na niliona kidogo tu, na hicho kidogo sitakisema. Akaulaza mkono wangu juu yake.

"Alikuwa na siku sita," akasema. "Kesho tungempa jina. Wewe unalo. Yeye hakupata."

Nilifumba macho. Nilipofumbua macho mwadhini alikuwa anamalizia adhana, meza ilikuwa kavu, na kipoza hakikuwapo. Nanaa niliyokuwa nimeibana kwapani ilikuwa imeiva.

Nyumbani Shangazi Batoul aliitazama nanaa ile, akaninusa, akakaa chini. Aliniuliza kama nimemwaga maji. Nikasema sikumwaga mimi. Akaniuliza nani basi. Sikujibu, na kwa kunyamaza kwangu akaelewa kila kitu. Alilia kimyakimya huku anakata mkate.

Daktari alisema mkono hauna jeraha. Kweli, hauna hata lengelenge. Lakini unaungua. Glasi ya maji ikiugusa inapata moto. Usiku ule shangazi alinitia mkono kwenye ndoo ya barafu, na kabla ya swala ya isha ndoo ilikuwa inafuka mvuke. Mkono wenyewe umekufa ganzi kwa kazi, hauwezi kushika hata kijiko, ila maumivu yako macho saa zote. Mwishowe nilifanya ninachokijua. Kwa maelekezo yangu, fundi jirani alinitengenezea bangili pana ya shaba yenye mifereji ndani. Nikaiunga na pampu ya tangi la samaki na rejeta. Nakaa nayo. Nalala nayo, inanguruma kando ya mto. Maji yake shangazi huyaacha kwenye beseni mpaka yapoe kabisa, kisha huyamwaga kwa bismillahi tatu.

Na Jalil? Jalil hakupata hata mafua. Alikuja Jumatatu, amekasirika. Kipoza kiliibiwa usiku wa Alhamisi, alisema, na mwizi aliifunga mipira ya maji fundo, kama mtu anayemfunga mtoto mbeleko. Mashindano yalimpita. Alinitazama kwa jicho la kunishuku. Kisha akaona bangili, mipira na ndoo.

"Pole, bwana," akasema. "Lakini wa kushoto si mzima? Yatakuwapo mengine mwezi ujao."

Hapo nilipaswa kumfukuza. Badala yake nikatabasamu, nikamwambia anipe siku arobaini.

Nilichonga kwa mkono wa kushoto, kipande kikiwa kimebanwa kwenye jiliwa, mkono wa kulia ukinguruma ubavuni. Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Na ndani, chini kabisa ya mifereji, sikugonga chapa ya ukoo wangu. Niligonga: Jalil bin Othman amekitengeneza. Kwa kina, herufi kwa herufi, maana alipenda sana kuitwa fundi.

Shangazi aliyaona maandishi kabla sijafunika. "Yafute, mwanangu," akasema. "Wale si wajinga." Sikuyafuta. Nilifunika, nikalehemu, nikampa Jalil kikiwa kichafu, na kuhusu bismillahi sikumwambia neno. Alipita jana alasiri na masufuria yake, anapiga mluzi, anaelekea kwenye nyumba ya marehemu bibi yake. Nilisimama mlangoni nikamsindikiza kwa macho mpaka kona.

Ninaandika haya leo, kwa mkono wa kushoto. Shangazi amekwenda kwenye hitima ya jirani. Adhana ya magharibi ndiyo imeanza. Nilikuwa nimekaa kusubiri habari za Jalil, na nakiri nilikuwa nimejipikia chai nzuri.

Dakika chache zilizopita karo la uani kwetu limecheua.

Sasa kuna harufu. Kuku. Maji ya moto...

Pampu yangu imezima yenyewe.

"Fundi."

Yuko nyuma ya mlango wa ua. Pindo lake linachuruzika kwenye vigae, nalisikia. Nimemwambia, bila kufungua, kwamba mimi si niliyemwaga. Nimemwambia asome kilichoandikwa ndani, au asomewe, jina liko wazi kabisa.

"Nimesomewa," amenong'ona. "Jalil bin Othman. Ndiyo kwanza natoka kwake. Nimemuuliza kama ni kweli amekitengeneza yeye."

Tone... tone.

"Amelia sana, fundi. Ameapa kwa Mungu kwamba yeye hajui hata kushika tindo. Amesema kazi yote ni yako, tangu kile cha kwanza. Amelitaja jina lako mpaka mwisho."

Komeo la mlango linafunguka lenyewe, taratibu.

"Nionyeshe ule mkono mwingine."