Leso Ndani ya Tangi

Saa ya chakula, kantini ya kituo cha kupimia setilaiti ilikuwa imefurika. Fundi cherehani, tepu shingoni, alirudi nyuma akamkanyaga mwanamke aliyevaa ovaroli nyeupe.

"Samahani, dada."

"Samahani haiponyi kidole. Na tepu hiyo, unampima nani humu?"

"Nilikuwa sijampata. Sasa nimempata."

"Kumbe na ulimi unao!"

Mwanamke huyo alikuwa injinia, msimamizi wa tangi kubwa la chuma. Humo setilaiti hufungiwa, hewa yote ikanyonywa, kisha setilaiti yenyewe ikagandishwa na kuchomwa kama itakavyokuwa huko juu, mbali na dunia. Fundi aliajiriwa kuishonea blanketi linalong'aa la kuikinga na joto na baridi. Miezi mitatu simu zao hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na wewe hupo?"

Siku ya kufunga tangi, fundi alichomeka leso yenye marashi kwenye pindo la blanketi, akijua injinia wake ndiye hukagua mwisho. Siku hiyo akakagua mwenzake, asiione. Mlango ukafungwa, usifunguliwe kwa siku nane.

Fundi akawa hatulii, kama kuku atakaye kutaga. Akishona, uzi unakatika. Siku ya pili simu ikalia.

"Mpenzi, nimekwisha. Kuna kitu kinatoa mvuke humo ndani, lenzi ya kamera ya setilaiti imeingia ukungu. Wakubwa wanasema nimefunga tangi chafu. Kesho wananihoji."

Angenyamaza, riziki yake ingebaki. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua.

"Ni leso yangu. Nilikuwekea wewe."

"Leso?"

"Ina marashi kidogo."

"Kidogo! Humo hata jasho la kidole ni uchafu! Mtu mzima na ndevu zako, unaifanya setilaiti sanduku la posta?"

Simu ikakatwa. Fundi akaenda mwenyewe kwa wakubwa, akakiri, akafukuzwa kazi papo hapo. Siku tano alizunguka chumbani na simu isiyolia.

Siku ya sita mlango ukagongwa. Injinia, gauni la bluu, macho mekundu.

"Tangi tumelifungua. Lenzi imesafishika, tunaanza upya Jumatatu."

"Na sisi?"

"Ulipoteza kazi kuniokoa mimi. Mama anataka kukuona Jumamosi. Nimewaeleza yote, yeye na baba."

"Nije kama nani?"

"Kama mchumba wangu. Au umebadili nia?"

"Thubutu! Mama alisemaje?"

"Alicheka mpaka akakaa chini."

"Na baba?"

"Baba hajacheka. Njoo mapema."