Mwanga Kwenye Mguu wa Tokuji

Kila asubuhi Tokuji na mkewe Fumie walipanda mteremko kwenda shamba lao la chai. Kila baada ya hatua hamsini, Tokuji alisimama. Alijifanya anakagua majani.

"Jani hilo ulilikagua jana, Baba Sachi."

"Limekua tangu jana."

Fumie alijua ukweli. Shavu la mguu wa kulia lilimbana mumewe kama koleo. Akisimama, maumivu yalipoa. Basi Fumie akamkataza kupanda. Kazi zote akazibeba yeye.

Mwezi wa nane, siku za desturi ya kuzikaribisha roho za marehemu nyumbani, Fumie alipanda peke yake ngazi mia mbili hadi kwenye kaburi la Sachi, binti yao. Tokuji alibaki chini na ndoo ya maji ambayo kila mwaka aliimimina kaburini.

Mwaka uliofuata, baridi ilipokwisha, walikwenda hospitali mjini. Muuguzi Nanase alimfunga Tokuji kifaa kidogo kwenye shavu la mguu.

"Utanichoma, binti?"

"Hapana, mzee. Ni mwanga tu. Unapenya ngozi, unafika kwenye msuli na kurudi na habari. Unatuonyesha damu inapita kwa kasi gani na msuli unatumia oksijeni kiasi gani."

Tokuji alitembea juu ya mkanda wa mashine. Mstari wa oksijeni kwenye skrini ukashuka. Aliposimama, ukapanda polepole mno.

"Msuli wako una njaa," alisema Nanase. "Mishipa imekuwa myembamba."

Daktari alipima pia presha ya mkono na ya kifundo cha mguu, akathibitisha. Akampa vidonge. Akasema, "Acha sigara. Na utembee."

"Atembee?" Fumie alishtuka. "Mimi namkalisha!"

"Unamkalisha kwa mapenzi, bibi," alisema Nanase, "lakini mguu unazidi kudhoofika. Atembee mpaka mguu uanze kuuma sawasawa, apumzike, kisha aendelee. Nusu saa, mara tatu kwa wiki. Ukiuma hata akiwa amekaa, au akipata kidonda, mje upesi."

Fumie akawa anatembea naye, akimshika mkono. Baada ya miezi mitatu walipimwa tena. Safari hii mstari ulipanda haraka.

Mwezi wa nane ukarudi. Kwenye zile ngazi Tokuji alisimama mara tatu.

"Hapa hakuna chai ya kukagua," Fumie alimtania.

"Nakukagua wewe."

Juu, Tokuji alimimina maji kwenye jiwe la kaburi, taratibu, kwa mikono yake mwenyewe.

"Sachi," alisema, "baba amechelewa mwaka mmoja."