Nilimwita Dada, Akanitenganisha na Ndugu Zangu

Nina miaka thelathini na sita, mkulima wa karanga, kwetu ni Gulwe. Wenzangu mnaosoma, jeraha hili sijui kama litapona...

Mwaka jana nilimleta mama hospitali Dodoma mjini. Wodini hawakuniruhusu kulala, nikapanga chumba gesti ya jirani. Hapo ndipo nilipokutana na Rehema! Alikuwa chumba cha pili, akasema naye anauguza mama yake. Tulikunywa chai pamoja, tukalia pamoja. Nikamwita dada. Nilimsimulia habari zote za nyumbani, na namba ya siri ya simu nikaibonyeza mbele yake bila wasiwasi. Ningejuaje?

Asubuhi moja niliacha simu inachaji chumbani, ufunguo nikauacha mapokezi, nikawahi kumpelekea mama uji. Niliporudi, chumba kitupu! Simu, begi, hata kanga za mama.

Binti wa mapokezi akashangaa. "Si umemtuma dada yako? Amesema mnahama."

"Dada yangu yupi?"

"Yule mnayekunywa naye chai kila siku."

Nilikwenda kuripoti polisi. Walipofuatilia, kumbe hata jina alilojiandikishia pale gesti halikuwa lake!

Nikadhani ameniibia vitu tu... Kumbe kwa simu yangu aliwaandikia ndugu zangu kwamba mama anapasuliwa, watume pesa haraka kwa namba nyingine. Kaka Yohana akauza ng'ombe wake, akatuma. Nilipoazima simu kumpigia, alifoka: "Unaomba tena? Zile umezila?"

Nilimweleza kuhusu mwizi. Akacheka kwa uchungu. "Mwizi gani anajua jina tunalomwita mama nyumbani?"

Jina hilo nililitaja mwenyewe, kwenye chai!

Mama alifariki wiki ileile. Msibani kaka hakunipa mkono. Mbele ya waombolezaji alisema nimekula pesa za dawa za mama. Nimlaumu nani? Rehema, au binti wa mapokezi, au mdomo wangu?

Wenzangu, ukilala gesti, mgeni mwenzako ni mgeni tu! Waambie mapokezi ufunguo asipewe mtu mwingine yeyote. Simu tembea nayo, namba ya siri ifiche. Ukiibiwa, azima simu hapohapo uwaonye wa nyumbani kabla hujakimbilia kulia. Mimi nilianza kulia... na leo kaka yangu akiniona njiani, anavuka upande wa pili.