Mwisho Aliouficha Mjomba

Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa na ua kufagiwa, Chiriku alivuka barabara kwenda kwenye karakana ya mjomba wake. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu ya mdomo. Alianza kusema kabla meno hayajakamilika, na tangu hapo hajapumzika.

Mjomba alikuwa fundi wa redio na televisheni. Nyuma ya meza yake, kati ya redio zilizofunguliwa matumbo, palikuwa na televisheni moja nzima na kanda za katuni ya zamani ya Kijapani. Watoto wa mtaa walikaa sakafuni. Maneno ya Kiingereza yalipita mbio chini ya picha, naye mjomba akiyasoma na kuwaeleza kwa Kiswahili, mara kwa sauti nene ya jemadari, mara nyembamba ya binti.

Katuni ilihusu majitu ya chuma, marefu kama minara, ambayo mtu huingia kifuani mwao na kuyaendesha. Kijana mmoja rubani alimpenda binti fundi wa upande wa adui. Mwishoni binti aliondoka taratibu, amempa kijana mgongo.

"Anakwenda kuchota maji," mjomba husema. "Atarudi, wataoana, na majitu yatalima mashamba."

Kisha huzima televisheni kabla ya wimbo wa mwisho, akidai imepata moto.

Wiki moja, mwalimu wa Kiswahili alitafuta mwanafunzi wa kuandika ukurasa wa uhakiki kwenye gazeti la ukutani la shule. Anayeutaka alipaswa kueleza kazi moja anayoipenda, uzuri wake na upungufu wake. Chiriku aliutaka ukurasa ule hata usingizini. Akasimama.

"Uzuri wake, mwalimu, vita si vingi, kwa hiyo mapenzi yanapata nafasi. Picha zimechorwa kwa mkono. Mvua ikigonga chuma, unaisikia hadi mgongoni. Na adui si shetani tu. Ana mama yake, naye huona njaa."

"Vizuri. Na upungufu?"

"Haina, mwalimu. Hata mmoja. Mwishoni binti anachota maji, anarudi, wanaoana."

"Hawaoani," ilisema sauti kutoka nyuma. Alikuwa mtoto wa nesi, waliyemwita Miwani. "Kwetu ipo, nimeyasoma maandishi yote. Kijana aliwaambia wakubwa wake mahali binti alipojificha. Binti anamwambia usinifuate tena. Anaondoka, basi. Na katikati inachosha. Lile jitu linaanguka kwa picha ileile kila siku."

Darasa zima likacheka. "Chiriku, kachote maji!" mmoja alimtania, na wengine wakaudaka utani huo.

"Nyamazeni," alisema mwalimu. "Chiriku, nenda ukahakikishe. Ukurasa nitautoa Jumatatu."

Chiriku hakupita nyumbani. Alimkuta mjomba akimkabidhi mteja redio. "Inaimba vizuri," mjomba alikuwa akisema, "ila ikipata joto inakwama. Usije ukasema sikukwambia." Mteja akashukuru, akaenda zake.

Chiriku alibaki amesimama mlangoni.

"Leo hata shikamoo hakuna? Mdomo umemwazima nani?"

"Shikamoo. Binti huwa anarudi?"

Bisibisi ikasimama mkononi mwa mjomba. Alitazama kanda, kisha akamtazama mpwa wake.

"Harudi," alisema. "Mara ya kwanza niliwaeleza kama ilivyo. Ulikuwa mdogo, ukalia hadi ukatapika, na mama yako akanijia juu. Nikaona nizibe kidogo. Baadaye nikaona aibu kuzibua."

"Mteja umemwambia redio yake inapokwama," alisema Chiriku. "Mimi, damu yako, ukanificha. Wote wamenicheka."

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa ameusikia msemo huo mara nyingi, ila hakujua kwamba nguo yenyewe yaweza kuwa mjomba. Jumamosi zote alizozipenda sasa zilimchoma kifuani.

"Nimekukosea," mjomba alisema. "Nisamehe. Lakini nami nikuulize. Jitu kuanguka kwa picha ileile, hukuliona?"

Chiriku aliinamia viatu vyake. Aliliona. Hata mkwaruzo wa begani aliujua.

"Niliona."

"Na mwalimu alipouliza?"

"Nilisema haina upungufu. Sikutaka waicheke katuni yako."

"Basi tumefanana, mwanangu," alisema mjomba, na hakuna aliyecheka.

Jumamosi hiyo mjomba aliieleza kanda ya mwisho kama ilivyo, wala hakuzima. Mtoto mmoja mdogo akauliza, "Na maji je?"

"Hakuna maji. Niliwadanganya."

Chiriku alilia kimyakimya. Hata hivyo, aliona kitu kipya: mkono wa binti ulitetemeka kwenye mlango kabla hajaondoka. Ulikuwa pale siku zote. Yale maji ya mjomba ndiyo yaliyomzuia kuuona.

Jumatatu alisimama tena. Alisifu michoro na mvua. Akasema katikati panachosha, picha zinarudiwa, na kwa muda mrefu binti anasahaulika kana kwamba mtunzi alimpoteza njiani. "Lakini mwisho wake unauma kwa sababu ni wa kweli. Juzi nilisema uongo kwamba haina upungufu. Samahanini."

Miwani aliitikia kwa kichwa. Mwalimu akawapa ukurasa wote wawili, mmoja aandike, mwingine amkosoe.

Jioni mjomba alikuja kwao kunywa chai. Mama, aliyekuwa amekwisha kuambiwa yote, aliweka birika mezani.

"Nisikilizeni nyote wawili, na mimi nimo, maana nilimgombeza mjomba wako kwa kusema kweli. Mungu hapendi uongo hata ukiwa umevaa huruma. Anayekupenda akikuficha ubovu wa kitu, siku ukiujua unaacha kuamini hata uzuri aliokuonyesha. Sifu kinachostahili sifa, na kasoro uitaje kwa upole."

"Nimesikia, dada," mjomba alisema. Akaonja chai, akatua kikombe. "Chai yako ni ya moto, na ina rangi nzuri."

"Halafu?"

"Halafu hukutia sukari."

Chiriku ndiye aliyecheka wa kwanza.