Sindano Haiachwi Nyumbani

Mama Pacha alikuwa anafunga begi la mumewe. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na kila soksi ilinuka unyevu.

"Na insulini yako?"

"Iache kwenye friji," alisema Baba Pacha. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa amepata kazi kwenye meli ya mafuta, mbali baharini. Kesho yake angepimwa afya. "Wakijua nina kisukari watanirudisha. Ni mwezi tu. Sukari itanisubiri."

"Itakusubiri kaburini!"

Jirani alisikia, akaingia bila hodi. Alikuwa muuguzi kwenye meli hiyohiyo, yuko likizo.

"Shemeji, umechoka kuishi?"

"Dada, usiniharibie riziki."

"Nisikilize kwanza. Visima vya mafuta viko chini kabisa ya bahari, mpiga mbizi hafiki. Kule zinafanya kazi mashine. Mabomba yanapandisha mafuta hadi melini kwetu. Nchi kavu huioni. Ukizidiwa, unasubiri helikopta. Hewa ikichafuka kama leo, hairuki."

"Si wewe upo?"

"Nina kitanda na dripu, sina hospitali. Ukiacha insulini, siku chache tu unatapika, unazimia. Mwenzako mmoja alinificha hivyohivyo. Alipandishwa helikopta amefunikwa uso."

Mama Pacha alianza kuzitoa soksi, moja moja.

"Nimeshawatangazia watoto naenda kuchimba mafuta," mumewe alisema kwa sauti ndogo. "Sasa niwaambie nini?"

"Waambie baba yao yupo."

Kesho yake alimwambia daktari ukweli. Daktari alimshukuru, kisha akamkatalia kwenda baharini. Kampuni ikampa kazi kwenye karakana ya bandarini, kuchomelea mabomba yanayoshushwa huko kwenye visima. Mshahara mdogo. Alirudi amenuna, akala kimya, akalala na viatu.

Hata sasa, helikopta ikipita juu, Baba Pacha huwa hainui macho.

Lakini juzi, akiwa kazini, alianza kutetemeka na kutoka jasho. Sukari mwilini ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Wenzake walijua hali yake, maana aliwaambia mwenyewe. Walizima mtambo, wakamkalisha, wakamnywesha soda. Akatulia. Jioni akarudi nyumbani kwa miguu yake.

"Soda yenyewe ya moto," alilalamika baada ya kumsimulia mkewe.

Mama Pacha alishika ukingo wa meza, akaketi.

"Endelea," alisema. "Lalamika tu, mume wangu. Nakusikiliza."