Bega la Winchi

Kila asubuhi mpiga pasi alimvika mumewe shati. Alianza na mkono mbovu, wa kulia, akaupitisha taratibu, kisha akaja kwenye ule mzima. Vifungo alifunga yeye. Mumewe alitazama ukutani kama mtoto anayenyolewa.

Mtaani walimwita Winchi. Kwenye ghala la vigae alipakia katoni kwenye malori, mbili mbili, huku akipiga soga. Siku moja rundo la katoni liliporomoka. Alilizuia kwa bega, na bega likaachia. Daktari wa hospitali alimpiga picha, akaona kano limechanika. Akaandika kwamba bila upasuaji mkono ungekakamaa moja kwa moja. Kwa kuwa Winchi aliumia kazini, matibabu yalikuwa juu ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Lakini mfuko ulitaka kwanza apimwe na daktari wa mfuko wenyewe, ndipo utoe kibali.

Winchi alikwenda peke yake. Alirudi akisema mambo yamekwenda vizuri.

Wiki mbili baadaye ikaja barua. Mpiga pasi aliisoma kwa kidole, neno kwa neno. Ilisema mgonjwa anainua mkono mpaka juu bila shida, upasuaji hauhitajiki, na arudi kazini Jumatatu.

Akaisoma tena. Mkono upi huo unaoinuka mpaka juu, na shati amemvika yeye asubuhi ile ile?

Wakati huo jirani yao, fundi cherehani, aliingia na suruali za kupigwa pasi. Fundi huyu alikuwa na kidole kimoja kisichokunjika. Kiliumizwa na mashine kiwandani miaka ya nyuma, na fidia yake aliifuatilia mwenyewe mpaka mwisho. Akaisoma barua, akamgeukia Winchi.

"Shemeji, siku ile ulimeza nini?"

Winchi akajikuna kidevu. Ukweli ukatoka kidogo kidogo. Kabla ya kuingia alimeza vidonge vya maumivu. Alipoambiwa ainue mkono, akauma meno, akauinua. Mle chumbani mlikuwa na nesi, binti wa umri wa mwanawe. Angeonekanaje, Winchi mzima, anagumia kwa kuinua mkono mtupu?

"Basi ulimwonyesha nguvu za kuazima, naye akaziandika," fundi akasema. "Yule hakuwa anakutibu, shemeji. Alikuwa anaandika ripoti."

Kisha akawaeleza polepole. Barua ya kukataliwa si mwisho wa safari. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, zimeandikwa siku za kuweka pingamizi, na wao walibakiwa na siku tano. Waandike pingamizi. Waambatanishe picha ya bega na maelezo ya daktari anayemtibu. Waombe nakala ya ripoti, na waombe apimwe upya. Daktari anayemtibu aandike pia kama anafaa kurudi kazini. Na siku ya kupimwa, Winchi asiongeze wala asipunguze. Kama amemeza dawa, aseme ni ipi na ameimeza saa ngapi. Panapouma, aseme panauma.

Winchi akanuna. "Niende kulia mbele ya watu?"

Mpiga pasi alikuwa mtu wa maneno machache. Siku hiyo aliiweka pasi pembeni.

"Basi Jumatatu kapakie vigae," akasema. "Ila shati utavaa mwenyewe."

Winchi akaivuta barua karibu. Halafu akauliza kalamu iko wapi.

Daktari aliyemtibu aliandika kwamba bado hafai kubeba mizigo, na nakala ikapelekwa ghalani kabla ya Jumatatu. Pingamizi alilipeleka mpiga pasi mwenyewe kwenye ofisi ya mfuko.

"Iache hapo, dada," karani akasema. "Bosi hayupo."

"Mhuri upo," akasema mpiga pasi. Miguu haikusogea. "Nigongee mhuri na tarehe kwenye nakala yangu. Nasubiri."

Nyuma yake foleni ikaanza kuguna. Mzee mmoja akasema kumbe kuna mhuri, basi naye anautaka. Karani akagonga miwili.

Siku ya kupimwa upya waliingia wote wawili. Mpiga pasi alikuwa na daftari. Humo aliandika kila siku yale yaliyomshinda mumewe: kuvaa shati, kubeba ndoo, kulalia upande wa kulia. Daktari mwingine wa mfuko akalisoma, akamwambia Winchi ainue mkono. Ukafika usawa wa kifua, ukakoma. Jasho likamtoka.

"Jitahidi kidogo, mzee."

"Nilijitahidi mara ya kwanza," akasema Winchi. "Ndiyo maana nimerudi. Mkono wangu unaishia hapa. Andika hapa."

Daktari akamtazama. Akachukua kifaa chake, akapima pale mkono ulipoishia, akaandika.

Kibali kikatoka. Upasuaji ukafanyika, kisha ikafuata miezi ya mazoezi, akivuta kamba iliyofungwa juu ya mlango. Wenzake wa ghalani walikuja kumjulia hali. Mmoja wao alikuwa na kiuno kibovu, na alikuwa anangojea kupimwa.

"Ukifika pale," Winchi akamwambia, "uanaume uvue mlangoni pamoja na viatu."

Asubuhi moja mpiga pasi alilifuata shati la mumewe kwenye msumari, akalikosa. Winchi alikuwa uani, amelivaa. Vifungo vilikwenda upande, na kimoja kilibaki bila tundu. Mkewe akanyoosha mkono avirekebishe.

"Viache hivyo hivyo," akasema Winchi, akatoka barabarani na shati lake limekwenda upande.