Mbu Waliolazwa kwa Baridi

Asubuhi Vasiti alichemsha mihogo, akafagia ua, kisha akamfuta jasho binti yake Losena. Losena alikuwa taabani kwa homa ya dengi. Vasiti alijua kwamba dengi huletwa na mbu. Lakini mbu wa wapi?

"Wa mjini," alisema mumewe, Apenisa. Kijiji kizima kilikubali. Hakuna aliyetaka kuondoa matairi mabovu yaliyojaa maji uani kwake. Vasiti alimtazama Jone, mwanawe mdogo, akaogopa. Yeye alikuwa hajaugua bado.

Sireli wa maabara alikuwa amewawekea mtego wa mbu nyuma ya nyumba, ili mbu wakapimwe. Ulipojaa, Vasiti aliufukiza kwa moshi wa makumbi ya nazi, kama wanakijiji wafukizavyo nyumba zao. Mbu wakafa wote. Akawatia kwenye chupa, ikashinda juani.

Sireli alipoiona alicheka. Yeye na Apenisa ni watani tangu enzi za mababu.

"Apenisa, umemfundisha mkeo kukausha mbu?"

"Kula tu. Kwenu hamchagui chakula."

Vasiti hakucheka. "Nimekosea wapi, shemeji?"

"Tunatafuta kirusi ndani ya mbu. Mbu akifa akakaa kwenye joto, kirusi kinaharibika. Mlete hai."

"Hai? Aniume njiani?"

"Mlaze usingizi. Tia barafu kwenye boksi la samaki, tandika kitambaa, weka mfuko wa mtego wenye mbu juu yake. Wasilowe tu, watagandamana."

Mtego ulipojaa tena, Vasiti akafanya hivyo. Kule maabara, Sireli aliwamwaga kwenye sinia baridi. Walilala kama majani ya chai. Akawachambua kwa kibano, majike, ambao ndio huuma, upande mmoja.

"Wamekufa hawa," alisema Vasiti.

Sireli alimtia mmoja kwenye chupa, akaifunga, akaiweka mbali na barafu. Vasiti akainama. Mguu mmoja ukatikisika. Kisha mbu akasimama, akaruka.

"Ee! Kumbe!"

"Ndiyo maana sinia haliachi kuwa baridi. Wakiamka, wataniuma mimi."

Kirusi kilipatikana. Vasiti akasimama kwenye mkutano wa kijiji. "Mbu hawa wenye kirusi nimewatega nyuma ya nyumba yangu. Si wa mjini."

Apenisa alikuna kichwa. Kesho yake aliyapakia matairi kwenye lori mwenyewe. Wengine wakamwaga maji ya madebe yao.

Losena alipona. Mvua ziliponyesha tena, mtego uliwekwa tena. Vasiti aliutazama mfuko, akaugeuza, akautazama tena. Mbu walikuwa wawili tu. Nje, Jone alikuwa anacheza matopeni, mzima.